Kalamu ya Dirisha Namba Nne

Haya ninayosimulia hayakutokea popote. Wahusika wenyewe wamenipigia simu kunihakikishia kwamba hayakutokea, na mmoja wao alipiga mara mbili. Basi msomaji akae kwa raha, anyooshe miguu, wala asianze kuuliza nani ni nani.

Hayo ambayo hayakutokea yalitokea katika Jamhuri Tulivu ya Nendarudi, nchi yangu, ninayoipenda kuliko nchi nyingine zote. Hizo nyingine sijaziona, kwa sababu maombi yangu ya pasipoti yako mezani kwa mtu tangu nikiwa na nywele. Mimi ni mtumishi wa umma. Cheo changu ni Mtunza Kalamu Daraja la Pili, Masjala ya Ardhi, Dirisha Namba Nne. Kalamu yenyewe ni moja, ya bluu, imefungwa kwa uzi wa sentimita thelathini, na ncha ya pili ya uzi imepigiliwa msumari kwenye kaunta. Kazi yangu ni kumkabidhi mwananchi kalamu, kumwapisha kwamba ataitumia kwa uaminifu na hataitafuna, kumtazama akiandika, kisha kuipokea. Nimeifanya miaka kumi na tisa bila kupoteza kalamu hata moja. Wanaotumia mkono wa kushoto uzi hauwafikii vizuri, kwa hiyo huja na ndugu.

Zamani mtu akitaka kununua kiwanja, Masjala ndiyo iliyompekulia. Karani alifungua faili, akatazama kama kiwanja ni cha huyo anayekiuza, kama kina rehani, kama kina kesi, kisha akagonga muhuri. Tatizo lilikuwa wananchi. Walitapeliwa, halafu wakaja kuilaumu serikali, kana kwamba muhuri ni ahadi. Ndipo Mkurugenzi Mkuu wa Upekuzi, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Tindwa Bulugu, alipobuni mpango wa Jipekulie Mwenyewe.

“Ndugu wananchi,” alisema siku ya uzinduzi, akiwa amesimama juu ya zulia lililotandikwa juu ya zulia, “kwa muda mrefu mmenyimwa haki ya kujikosea. Serikali imewakosea vya kutosha. Kuanzia leo, anayetaka kununua ardhi atapekua mwenyewe, ataelewa mwenyewe, na akitapeliwa, atakuwa ametapeliwa akiwa huru!”

Tulipiga makofi mpaka zulia la juu likasogea na Mheshimiwa akiwa juu yake.

Siku hiyohiyo alizindua Fomu Moja. Masjala ilikuwa na fomu arobaini na sita, na wananchi walikuwa wakichanganyikiwa. Mheshimiwa alizikusanya zote akazifanya moja. Anayepekua, anayeuza, anayerithi na mtumishi anayeomba likizo ya uzazi, wote sasa hujaza fomu ileile yenye mistari mitatu: jina, namba ya kiwanja, saini. Sehemu ya kueleza umekuja kufanya nini iliondolewa, maana utafiti ulionyesha kuwa hapo ndipo watu walipokuwa wakipoteza muda.

*

Jumatatu moja alikuja dirishani kwangu Bi Sikudhani Mkomwa, fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Tepu ya kupimia ilimning'inia shingoni, na mkobani alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusomea maandishi ya serikali. Alifuatana na mzee mmoja mpole aliyevaa koti la kaunda suti bila suruali yake. Huyo alikuwa Mzee Lukwaro, mwenye Kiwanja Namba 77, Kitalu K, aliyekuwa akikiuza ili akaishi kwa binti yake.

“Shikamoo, mzee. Karibu, dada,” nilisema.

“Ahsante, mdogo wangu. Nimekuja kujipekulia. Mwenzio nimehamishwa vyumba tisa katika mji huu, na mwenye nyumba wa sasa Jumatatu ijayo anaingiza kuku chumbani kwangu. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia kuku hawaulizi kwa nini.”

“Pole sana.”

“Nimeshapoa. Nataka kiwanja changu, niweke cherehani yangu mahali ambapo hakuna wa kuniambia sogeza. Hiki cha mzee nimekipima mwenyewe kwa tepu hii, kutwa nzima nimepiga magoti. Mabega yako sawa. Kiuno kimebonyea kidogo upande wa jirani, lakini hilo nitalirekebisha. Kilichobaki ni kuona karatasi zake tu, maana watu wameniambia, Sikudhani, usiwasikilize madalali, kapekue mwenyewe.”

Nilimwapisha, nikampa kalamu. Akajaza Fomu Moja. Kwa kuwa Masjala yetu inasifika kwa wepesi, karani wa daftari alilinakili jina lake papo hapo kwenye faili la kiwanja, kisha makarani wawili wakalileta faili kwa toroli.

Bi Sikudhani alilitazama toroli. Akavaa miwani ya serikali. Ndani ya faili mlikuwa na orodha ya majina iliyoanzia na Lukwaro na kuendelea, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka jina la mia tatu na kumi na mbili.

“Hawa wote ni nani?”

“Ni wamiliki, dada,” nilimjibu kwa fahari.

“Mzee Lukwaro, hukuniambia una wenzio mia tatu!”

“Wallahi mama, mimi kiwanja nilikifyeka peke yangu,” alisema mzee. “Miaka kumi na moja nakiuza. Kila mnunuzi akija huku kupekua, anarudi akikimbia. Hakuna anayeniambia ameona nini.”

Bi Sikudhani alianza kuyasoma majina kwa sauti. Kwenye jina la arobaini alisita. “Huyu namfahamu. Mwalimu Kipepe, namshonea sare za shule. Aliwahi kutaka kununua hapo, akaghairi.” Akafika la mia na tisa. “Huyu binamu yangu! Naye alikuja kupekua, akasema kiwanja kina wenyewe mia na nane.” Akafungua ukurasa wa mwisho, ambao wino wake ulikuwa haujakauka, akaliona jina lake.

“Mdogo wangu,” alisema taratibu, “kwa hiyo kila aliyekuja kutazama kiwanja ni cha nani, mmemwandika kwamba ni chake?”

“Hongera sana, dada,” nilisema.

*

Kesho yake alipanda ghorofani kumwona Mkurugenzi Mkuu. Nami nilikuwepo, kwa kuwa Fomu Moja haitoki chini bila kalamu, na kalamu haitoki bila mimi. Siku hiyo tulipanda na kaunta yake.

“Mama,” alisema Mheshimiwa, akijipepea kwa ramani ya mji, “katika nchi zilizo nyuma, mtu akipekua anamkuta mwenye kiwanja. Hapa kwetu mtu akipekua anakuwa mwenye kiwanja. Sema mwenyewe, maendeleo yako wapi?”

“Lakini mimi nilitaka kununua, Mheshimiwa. Sikuomba kupewa.”

“Huwezi kununua kilicho chako. Huo ni ubadhirifu.”

“Basi niruhusuni nijenge.”

“Jenga! Nani kakukataza? Leta saini za wenzako mia tatu na kumi na moja.”

“Basi futeni jina langu, nikanunue kwingine.”

Hapo Mheshimiwa alisikitika, akamweleza habari ya Sheria ya Kutosheka, inayosema kwamba mwananchi mwenye kiwanja haruhusiwi kuongeza cha pili. Viongozi sheria hiyo haiwagusi, maana kutosheka kwao ni suala la usalama wa taifa. Ndiyo sababu Mwalimu Kipepe, na yule binamu, na wote waliopekua namba 77 kwa miaka kumi na moja, walikuwa bado wanapanga vyumba.

“Lakini kufutwa jina ni rahisi kabisa,” aliendelea Mheshimiwa. “Unajaza Fomu Moja.”

Bi Sikudhani akaisoma. Jina, namba ya kiwanja, saini. “Nikijaza hii si nitakuwa nimeandikwa mara mbili?”

“Utakuwa umezidi kumiliki,” alisema Mheshimiwa, na machozi ya uzalendo yakamlengalenga.

Tulirudi chini, mimi na kaunta na yeye. Bi Sikudhani alisimama dirishani akiigeuza ile fomu nje ndani, kama wanavyogeuza gauni kutafuta mshono ulipoanzia.

“Fomu hii ni ya kiwanja chochote?”

“Chochote, dada. Ndio uhuru wenyewe.”

“Hata cha mkubwa?”

Nilifikiri sana. Miaka kumi na tisa, swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Nikamwambia kwamba mpango unaitwa Jipekulie Mwenyewe na haukutaja wapi.

“Nipe kalamu,” alisema.

*

Faili la Kiwanja Namba 9, Kitalu A, nyumbani kwa Mkurugenzi Mkuu, lilikuja mkononi, jembamba, safi, halijawahi kupekuliwa na mtu. Ndani mlikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la Bi Havijawa Salehe, mwoka mikate. La pili lilikuwa la Mheshimiwa. Sasa likaongezeka la tatu.

“Huyu Bi Havijawa yuko wapi?” Bi Sikudhani aliuliza.

Nilimjibu kwamba faili halisemi. Wala mimi sijui alihamaje. Ninachojua ni kwamba tanuru lake la mikate bado liko uani kwa Mheshimiwa, na mbwa hulala humo. Bi Sikudhani aliliandika jina hilo kwenye kipande cha karatasi ya vipimo, akakitia mkobani.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya geti la Mheshimiwa, ukiwa na cherehani, kiti, na sanduku la vifungo. Mke wa Mheshimiwa alitoka.

“Karibu, mama. Nikusaidie nini?”

“Nimekuja kwenye theluthi yangu, shoga. Mimi si mtu wa makuu. Nitachukua pale penye dirisha la mashariki, pana mwanga mzuri wa kutungia uzi.”

Ajabu ni kwamba waliivana. Mke wa Mheshimiwa alikuwa amehangaika mwaka mzima kutafuta fundi wa kumpunguzia mapazia. Mheshimiwa aliporudi kutoka kwenye semina ya unyenyekevu, alimkuta mgeni sebuleni anapiga cherehani, pazia moja limekwisha, mkewe anashikilia la pili.

“Nini hiki?” alipiga kelele.

“Tulia, mwenzangu,” alisema Bi Sikudhani, pini zikiwa mdomoni. “Hapa sote ni wamiliki.”

*

Habari kama hizo hazikai. Jumatatu nilipofika kazini, foleni ilianzia Dirisha Namba Nne, ikatoka nje, ikazunguka sanamu ya Uvumilivu, ikarudi. Hakuna aliyekuja kuhusu kiwanja chake. Huyu alitaka kumpekua Waziri, huyu Meya, huyu mkuu wa polisi, bibi mmoja kipofu akaja na mjukuu kupekua Ikulu. Niliapisha hadi sauti ikakauka. Tulipofunga kwa chakula cha mchana, kila nyumba ya kiongozi ilikuwa imeshapata mpekuzi mmoja.

Ghorofani waliitisha kikao cha dharura. Kiligawanyika vibaya. Mmoja alisema tutangaze kwamba mmiliki wa kweli ni jina la kwanza kwenye faili. Wakatazamana, kila mmoja alikumbuka jina la kwanza kwenye faili lake ni la nani, na huyo mtu alivyolia siku ya kuondolewa. Mwingine akasema basi liwe jina la mwisho. Wakachungulia dirishani, wakaiona foleni. Ndipo Profesa Mhandisi Tindwa Bulugu aliposimama.

“Waheshimiwa,” alisema, “mafaili yetu yana majina matatu matatu. Aliyekuwepo, sisi, na mpekuzi. Nendarudi ni nchi ya msimamo wa kati.”

Walimbeba juujuu.

Waraka ulisomwa saa saba mchana. Ulisema kwamba mmiliki halali wa kila kiwanja ni mwenye jina la katikati. Faili lisilo na jina la katikati, kiwanja chake ni mali ya serikali. Utaratibu utaanza leo saa tisa na nusu alasiri na utadumu siku zote. Mafaili ya viongozi yameshachukuliwa kwenda kufutwa vumbi.

Bi Sikudhani alikuwa nje ya Masjala amekaa kwenye mkokoteni wake. Sebuleni kwa Mheshimiwa alikuwa ameshatolewa na askari, na chumbani kwake kuku walikuwa wameingia tangu asubuhi. Aliusikiliza waraka hadi mwisho, akaja dirishani, akaomba faili la namba 77, akaitoa orodha nzima, akaitandaza sakafuni na kuikunja katikati kama anayetafuta kati ya kitambaa. Majina mia tatu na kumi na mbili. Mkunjo uliangukia baina ya majina mawili, patupu.

“Kinakwenda serikalini,” alisema Mzee Lukwaro, akakaa chini. “Basi. Kimekwenda.”

Nilimwona Bi Sikudhani akivuta pumzi. Nakiri kwamba roho iliniuma, jambo ambalo halimo kwenye mkataba wangu wa kazi. Kisha alichomoa pini kwenye gauni lake, akaichomeka juu ya jina lake, pale mwisho kabisa wa orodha.

“Mzee, tazama. Juu yangu kuna majina mia tatu na kumi na moja. Chini yangu hakuna kitu. Nguo yote iko upande mmoja. Nikipata mengine mia tatu na kumi na moja upande wa huku, mkunjo unaangukia wapi?”

Mzee aliitazama pini. “Juu yako,” alisema.

Waliokuwa kwenye foleni waliombwa wasaini. Walikataa, na siwalaumu. Nani aingize jina jipya kwenye faili la serikali, na waraka wa kesho haujulikani utasemaje? Waliohitajika ni wale ambao walikuwa wameshaingizwa na hawakuwa na cha kupoteza.

“Hao ninao,” alisema Mzee Lukwaro. Akatoa mfukoni daftari la shule lililochakaa. Kwa miaka kumi na moja kila mnunuzi aliyefika kwake alimnywesha chai, akamwandika jina na simu, na kila sikukuu alimpigia kumuuliza hali, ingawa hakununua. Mwalimu Kipepe alipigiwa wa kwanza. Alikuja mbio na chaki mkononi.

Wakaanza kumiminika. Binamu yake Bi Sikudhani, muuza samaki na beseni lake, bwana harusi aliyekuwa anatoka kunyolewa upande mmoja tu. Kila mmoja alikuwa amefungiwa kununua miaka nenda rudi kwa ajili ya saini ile, na kila mmoja alikuwa amekunywa chai ya mzee. Karani wa daftari, mtu wa kufuata kanuni, alitangaza kwamba jina moja litaandikwa si zaidi ya mara mbili. “Mara mbili ni msisitizo,” alisema. “Mara tatu ni uchochezi.”

Nilipiga hesabu. Haikufika nusu dakika kwa kila mtu, na kiapo changu peke yake ni dakika nzima. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, kisha nikaanza kutoa kalamu bila kuapisha. Mmoja aliitafuna. Nikanyamaza.

Saa tisa na dakika ishirini na saba Bi Sikudhani alihesabu. Wapekuzi mia tatu na nane, na Mzee Lukwaro wa mia tatu na tisa. Wawili hawakuja. Mmoja amehamia ng'ambo, na mwingine amekuwa naibu waziri, hapokei simu za watu. Bi Sikudhani akasaini mara yake ya pili, ikawa mia tatu na kumi.

“Limepungua moja,” alisema. Ngazini ilisikika miguu ya Mheshimiwa, anashuka na muhuri.

Msomaji, naomba uelewe. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuandika hata nukta kwa kalamu ile. Kanuni ya kwanza ya Mtunza Kalamu ni kwamba kalamu ni ya umma, naye si umma. Nilimtazama mwanamke yule, na mkokoteni wake kule nje, nikavuta Fomu Moja upande wangu wa dirisha. Uzi haukufika, maana ulipimwa kwa ajili ya upande wa pili. Nikauvuta ukakatika.

Nilisaini. Mwandiko wangu ni mzuri, kumbe.

“Mtunza Kalamu anaandika!” Mheshimiwa alisema kwa mshtuko, lakini saa ya ukutani ilikuwa imefika. Alihesabu mwenyewe mara tatu, akilamba kidole kwa kila ukurasa. Mia tatu na kumi na moja juu, mia tatu na kumi na moja chini, na katikati pini. Waraka ulikuwa wake, na muhuri ulikuwa mkononi mwake. Aligonga kama mtu anayeua nzi.

Kelele zilizopigwa pale zilimwamsha mbwa wa Mheshimiwa tanurini.

*

Mzee Lukwaro alilipwa chake chote, akaenda kwa binti yake. Daftari lake la shule alimwachia Bi Sikudhani, na siku hizi watu wa mji wanaouziana viwanja huenda kwake kuandikishana humo kwa penseli. Lina safu mbili: aliyeuza, aliyenunua. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja tu, wa Bi Havijawa Salehe, Kitalu A, namba 9, na nafasi tupu mbele yake.

Mimi sijafukuzwa. Barua ya kunifukuza inatakiwa ijazwe kwenye Fomu Moja, na Fomu Moja inatakiwa isainiwe kwa kalamu ya Dirisha Namba Nne, ambayo niliripoti siku ileile kwamba imekwisha wino. Zabuni ya kalamu mpya imetangazwa mara nne. Kwa kuwa hakuna anayeweza kusaini, mwaka mzima hakujatokea mgogoro mpya hata mmoja wa ardhi, na Mheshimiwa amepewa nishani.

Wiki iliyopita alikuja dirishani mwenyewe, nishani kifuani, akitabasamu. Alisema anataka kujipekulia Kiwanja Namba 77, kutazama tu. Jina moja likiongezeka pale, katikati panakuwa patupu tena, na nyumba yenye cherehani dirishani inakuwa ya serikali.

“Kalamu haina wino, Mheshimiwa,” nilimwambia.

“Bado?”

“Bado.”

Akanitazama kwa muda mrefu, akaondoka. Nami nikaweka mkono kifuani, kwa heshima, juu ya shati jipya alilonishonea Bi Sikudhani. Kwa ndani lina mfuko mmoja mwembamba, ambao alinipimia mwenyewe kwa tepu yake, sawasawa na urefu wa kalamu.